Somo la Taya

Callixte alikuwa Mtutsi mwenye pua ya Kihutu, kama wenyewe walivyopenda kusema, na mwaka ule wa tisini na tano mjini Bujumbura pua ilikuwa na kazi kubwa kuliko kuvuta hewa. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na pua yake ilijaa uso. Baba yake alikuwa hivyohivyo, na babu yake pia, Watutsi wote tangu watu walipoanza kuulizana. Lakini vijana wa kizuizini, Watutsi waliowasaka Wahutu, hawakuwa na muda wa kusikiliza habari za babu za watu. Walitazama uso, wakaamua.

Kizuizi chenyewe kilikuwa gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya matairi mabovu, pale kartie yao, mtaa wa Watutsi, inapoanza. Alasiri Callixte akitoka lise, shule ya sekondari, alikofundisha biolojia, ilimbidi apite hapo. Wapo waliomjua, na wapo wageni walioletwa kuongeza nguvu, na hao wageni ndio waliomtesa. Walimvua miwani. Walimgeuza ubavu wapate kuiona pua kwa upande, wakabishana mbele yake kama wanunuzi wanaobishana juu ya mbuzi. Siku moja walimlaza kifudifudi kwenye tope mpaka jirani alipopita na kumtetea. Mtu mzima mwenye shahada ya Ulaya, ya Liège. Alifika nyumbani akanawa, akamwambia mkewe kwamba ameteleza. Aibu ile ilimla kuliko hofu, na ni vizuri tulijue hilo mapema, maana baadaye alipenda kusema kwamba alichokifanya alikifanya kwa ajili ya amani.

Shemeji yake Maxime alipita palepale kwa baiskeli akipigiwa saluti.

Maxime alikuwa mdogo wa Joëlla, mke wa Callixte. Mama yao alikuwa Mtutsi, na wote wawili walimfuata mama: warefu, wembamba, vidole virefu, pua iliyonyooka. Baba yao, marehemu, alikuwa Mhutu wa Kamenge, mtaa wa Wahutu. Na kwa kuwa katika nchi hii mtoto huhesabiwa kwa baba, Joëlla na Maxime walikuwa Wahutu, hata kama uso haukukubali. Joëlla aliolewa zamani kabla watu hawajaharibika, na kwa sura yake hakuna jirani aliyewahi kumuuliza zaidi. Maxime alikuja kwao mbio baada ya watu wa Kamenge, waliocheza naye mpira tangu utoto, kumwamulia kwamba mrefu kama yule hawezi kuwa mwenzao. Kule pua nusura imuue. Huku pua ileile ikamfungulia njia. Alipata kazi katika duka la vitambaa la mzee Hamoud, mfanyabiashara Mwarabu ambaye familia yake ilikuwa mjini kabla ya nyumba nyingi za mji wenyewe.

"Leo tena bamenipigia saluti," Maxime alisema mezani huku akimega bugali. "Shemeji, nikukopeshe pua kesho? Utanirudishia mangaribi."

Walicheka. Callixte naye alicheka, ila kwa meno tu.

Hamoud alikuwa na lori lililokwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, na alikuwa amejitolea kumpeleka Maxime akafanye kazi kwa ndugu yake huko mpaka mambo yatulie. Joëlla alitaka aende hata kesho. Callixte ndiye aliyemzuia.

"We na hiyo sura yako unakimbia nini?" alimwambia. "Mi njo ningepaswa kwenda Uvira."

Maxime akabaki. Alimsikiliza shemeji yake kwa sababu shemeji yake alikuwa amesoma.

Darasani kwa Callixte, madawati ya upande wa dirishani yalikuwa matupu. Wanafunzi Wahutu walikuwa wameacha kuja, wengine wakiwa hai, wengine haijulikani, na wenzao waliyatumia madawati yale kuwekea mikoba. Mbele kabisa alikaa Xavier. Tuwe wakweli, Xavier alikuwa mwanafunzi ambaye mwalimu hupata mmoja katika maisha. Aliuliza swali lililokuwa ndani ya swali. Alisoma hata vile ambavyo havingetoka kwenye mtihani. Alasiri akavaa fulana nyeusi akaenda kizuizini, ambako vijana waliomzidi umri walimsikiliza. Siku akiwa yeye pale, Callixte hakuguswa. Xavier alimpokea mkoba na kumvusha gogo kwa mkono, akimwita profeseri. Lakini Xavier hakuwa pale siku zote.

Basi Callixte akajiambia kwamba ujinga ndio unaoua. Watu wanaua kwa pua kwa sababu hawajui pua ni kitu gani. Yeye anajua. Wajibu wa anayejua ni kufundisha. Alilala akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu rais alipouawa na nchi kuanza kuungua.

Akatuma watu wa Ruziba, kando ya ziwa, wamletee samaki, si mukeke wala ndagala wa kuliwa, bali wale wadogowadogo wanaoishi kwenye mawe ambao mvuvi huwatupa akiwakuta kwenye wavu. Akawapanga juu ya sahani za bati: mwenye kinywa kirefu cha kufyonza wadudu kwenye nyufa, mwenye taya nene la kuvunja konokono, mwenye midomo minene kama aliyeumwa na nyuki, mwembamba anayewinda wenzake. Pembeni akaweka chupa aliyorudi nayo kutoka Ulaya, ndani yake samaki wa ziwa jingine la kusini, wamepauka kwa spiriti.

"Pangeni kwa ukoo," akawaambia. "Nani ndugu wa nani."

Walifanya kama alivyotarajia. Wembamba wakawekwa na wembamba, wanene na wanene. Yule wa chupani mwenye midomo minene akalazwa karibu na yule wa Ruziba mwenye midomo minene, na hakika ungesema wamezaliwa siku moja. Xavier peke yake alisita, akiwatazama kwa muda, kisha naye akafuata wengine.

"Mmekosa wote," Callixte akasema, na moyo wake ukaruka kwa raha.

Akaacha Kifaransa cha kitabuni, akawaeleza kwa lugha ya mtaani ili isiwepo njia ya kutoelewa. Hawa wa ziwa letu, mwembamba na mnene, mfyonza wadudu na mvunja konokono, ni watoto wa babu mmoja aliyeingia ziwani zamani. Huyu wa chupani anayefanana na wa Ruziba kama pacha si ndugu yake wa karibu. Kila mmoja alifika kwenye midomo ile kwa njia yake, kwa sababu kila mmoja alikuta chakula cha aina moja.

"Jeni ni zilezile," alisema. "Inzi, panya, samaki na wewe, mnajengwa na jeni ambazo karibu ni zilezile. Kinachobadilika ni zinawashwa wapi, saa ngapi, na zinakaa zimewashwa kwa muda gani. Taya likichelewa kufunga hesabu yake kidogo, linakuwa refu. Ni Joëlla huyuhuyu, unga huuhuu, leo kanipikia andazi, kesho chapati. Ukiona chapati utasema imetoka nyumba nyingine?"

Walicheka. Akawaonyesha mmoja wa mwisho, samaki mwenye mdomo uliopinda upande mmoja, ambaye huwavizia samaki wenzake kutoka nyuma na kubandua magamba ubavuni ili ayale. Wapo waliopinda kulia na wapo waliopinda kushoto. Callixte aliupenda mdomo ule, na akausifu. Alisema ni kazi safi ya maumbile, haina mahali pa kurekebisha. Alisema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu alikuwa amenogewa.

Xavier akanyoosha kidole. "Profeseri, kwa hiyo sura haituambii mutu ni wa ukoo gani?"

"Apana," Callixte akajibu. "Sura inadanganya. Hilo njo mkariri hata mkisahau mengine yote."

Xavier akaandika. Callixte alimwona akiandika na akajiona amepatia. Jioni alisimulia somo lote mezani, na Maxime akacheka mpaka akaomba maji aliposikia habari ya chapati. Joëlla hakucheka. Alikuwa ameshika sahani mkononi na hakuiweka chini.

"Na sura ikidanganya, balisema bataangalia nini?" akauliza.

"Hawataangalia kitu. Ndiyo maana ya somo."

"Umewaambia kipimo chao ni kibovu," Joëlla akasema. "Hukuwaambia baache kupima."

Callixte alimwambia kwamba hajaelewa sayansi. Alimwambia kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi.

Na kweli, kwa siku chache somo lilizaa matunda. Kizuizini hawakumvua tena miwani. Wageni walimtazama, wakanong'onezwa kitu, wakainua gogo. Callixte alipita kichwa juu. Alitamani kumweleza mtu kwamba mwalimu mmoja na sahani za samaki amefanya kilichowashinda wanasiasa na mikutano yao, ila hakukuwa na wa kumweleza zaidi ya Joëlla, na Joëlla alikuwa hataki.

Kisha alasiri moja akaikuta baiskeli imelala barabarani, gurudumu la nyuma likiwa bado linazunguka. Maxime alikuwa amesimama katikati ya vijana, mikono juu ya kichwa. Xavier alikuwa pale, na Callixte alipomwona Xavier, pumzi ikamrudi.

"Kuna nini? Huyu munamujua, anapita hapa kila siku."

"Tunaijua sura yake, profeseri," Xavier akasema kwa adabu. "Baba yake hatumjui. Sasa tunauliza wote. Kilima cha kwao, baba, babu. Tulikuwa tunafanya kazi ya kijinga."

Callixte aliona alichokifanya, chote kwa mara moja, na kwa kuwa hapakuwa na muda wa kukitazama, akasema uongo wa kwanza uliomjia.

"Ni ndugu yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Kijana mmoja mwenye panga akacheka. Akamtazama Maxime juu, akamtazama Callixte chini. "Hawa? Bamefanana wapi?"

"Kufanana si kitu," Xavier akamkata. "Ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana hivi na zaidi."

Kwa kitambo Callixte aliamini. Aliamini kwamba somo lake lingemuokoa Maxime, na alimpenda Xavier wakati ule kama mwanawe. Lakini Xavier hakuwa amemaliza. Alimvuta mwalimu wake kando ya ukuta, taratibu, kama mtu anayempeleka mzee kivulini.

"Ndiyo sababu ya kuuliza, profeseri. Macho hayafai. Niambie wewe kwa sikio, na yeye atawaambia wale kwa sauti. Kwenu ni wapi?"

"Mugamba," Callixte akanong'ona.

"Mugamba," Maxime akasema kule, bila kusita. Si alikuwa amekula viazi vya Mugamba kila mzee, baba yake Callixte, alipowatembelea.

Vijana wakatikisa vichwa. Panga likashuka kidogo.

"Na baba yenu anaitwa nani?"

"Mirindi," Callixte akasema sikioni kwa Xavier. Na jina lilipomtoka, akajua.

Kwao mke halitaji jina la baba mkwe. Joëlla alikuwa ameshika mila ile kuliko wanawake wa milimani, labda kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na la kuthibitisha. Kwake mzee alikuwa databukwe, mkwe, na basi. Callixte mwenyewe alimwita Data, yaani baba. Katika nyumba ile jina la Mirindi halikuwahi kutamkwa. Maxime alikuwa amemwogesha mzee yule alipougua, amempakia kwenye baiskeli hadi kwa daktari, amekaa naye mchana kutwa wakicheza bao la igisoro, na siku zote alimwita Muzehe. Heshima ndiyo iliyomnyima jina.

Callixte akafungua kinywa. Mtu akakiziba kwa kiganja kilichonuka mafuta ya taa. Maxime alimtafuta kwa macho juu ya vichwa vya wale vijana, na kwa urefu wake hakuhangaika kumwona.

"Baba yako nani?" wakamuuliza tena.

"Muzehe," Maxime akasema. "Mi namuita Muzehe."

Xavier aliondoa kile kiganja kinywani mwa mwalimu wake, akimlaumu mwenzake kwa kumkosea adabu.

"Mutu asiyejua jina la baba yake," akasema kwa masikitiko.

"Xavier." Callixte alimshika fulana. "Nilikufundisha kwamba wote wale ni ndugu. Ulisikia nusu tu. Babu mmoja, jeni zilezile. Hilo ndilo lilikuwa somo."

"Nalisikia yote, profeseri. Na yule mwenye mdomo uliopinda ni ndugu yao vilevile. Anawala magamba. Ulisema ni kazi safi." Hakuwa akimkejeli. Alijibu kama alivyojibu siku zote ubaoni, akitaka kujua kama amekosea mahali.

Wakamchukua Maxime kuelekea bondeni, upande wa mto Ntahangwa. Alikwenda kwa miguu yake. Alipofika kwenye kona akageuka.

"Shemeji," akasema, "urudishe baiskeli ya Hamoud."

Wengine hawakuligundua neno lile. Xavier aliligundua. Callixte aliyaona macho yake yakihama kutoka kwa Maxime hadi kwake, kisha hadi kwenye njia iendayo nyumbani, alipokuwa Joëlla. Xavier aliinua baiskeli, akaifuta vumbi kwenye kiti, akamkabidhi.

Joëlla alijua alipoiona baiskeli bila mwenyewe. Callixte alimweleza kila kitu wakiwa wamesimama uani, hata uongo wake hakuuficha, ila alisahau kusema habari ya mdomo uliopinda. Joëlla hakulia mbele yake. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuita shemeji?"

"Ndiyo."

"Basi banajua na mimi ni nani."

Callixte alitaka kumshika, naye Joëlla akarudi nyuma. Alikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda, na Callixte aliistahili karibu yote, na alijua, na kujua hakukusaidia. Alimwambia kwamba nia yake ilikuwa njema.

"Nia yako ilikuwa pua yako," Joëlla akasema. "Sema hivyo angalau mara moja."

Callixte alichukua baiskeli akaenda nayo mjini, kwa Hamoud. Mzee yule alisoma dua ya marehemu akiwa amekaa kati ya majora yake ya vitambaa, kisha akapangusa uso na kusema lori linaondoka asubuhi. Lisingeweza kuingia kartieni. Lingesubiri kwenye barabara kubwa, na madam ingembidi afike hapo kwa miguu.

Kati ya nyumba yao na barabara kubwa palikuwa na njia moja, na kwenye njia ile palikuwa na gogo.

Walitoka jua limeshapanda. Joëlla alivaa kitenge cha kila siku. Callixte alivaa kofia, akambebea mkoba wa nguo. Njiani alimwambia kwamba angemfuata muhula ukiisha. Xavier alikuwa amekaa juu ya tairi amevaa kaki za shule, maana saa moja baadaye alikuwa na kipindi. Wenzake wakasimama. Mmoja alimtazama Joëlla kuanzia utosini hadi visiginoni akauliza huyu anakwenda wapi, na ni dada wa nani.

Xavier alinyanyuka. Alimtazama Joëlla usoni kwa muda mrefu, uso uleule wa Maxime wa jana, pua ileile. Callixte alijua kwamba neno moja la kijana yule lingetosha, na kwamba safari hii yeye hakuwa na somo la kumpa wala uongo.

"Ni madam wa profeseri," Xavier akawaambia wenzake. "Mwachieni apite." Kisha akamgeukia Callixte, akashusha sauti ili wengine wasisikie. "Huyu tumekuachia, profeseri. Kwa heshima yako."

Akaliinua gogo mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Asante, Xavier," Callixte akasema.

Lilimtoka bila kufikiri, kama unavyomshukuru mtu aliyekupisha mlangoni. Joëlla alisimama katikati ya njia. Alimtazama mume wake, akamtazama yule kijana, akauchukua mkoba kutoka mkononi mwa mumewe. Alisema kutoka hapo angekwenda mwenyewe. Alipita chini ya gogo akiwa ameinamisha kichwa kwa ajili ya urefu wake, akaufuata ukuta hadi kwenye lori.

Xavier alilishusha gogo polepole juu ya matairi. Callixte alikuwa bado upande wa ndani, pamoja naye, na kijana akamwokotea kofia iliyokuwa imemwanguka na kumuuliza kama leo wangeendelea na sura ya jeni au wangeanza mpya.